Swali la "Umejuaje?"

Msichana mmoja alikuwa na miaka 5 na alijua kuhesabu mpaka 100. Siku ya kufunga muhula alisimama mbele ya wazazi, mikono nyuma, akazimwaga namba moja baada ya nyingine bila kukwama popote, na alipofika mia makofi yakarindima. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilijiona nimefanya kazi.

Muhula uliofuata tulikuwa tumekaa sakafuni, yeye na mimi, kopo la kokoto likiwa katikati yetu. Nikamwambia, "Mwanangu, nipe kokoto saba." Akaingiza mkono koponi, akachota konzi moja, akanikabidhi. Nikamwomba tuzihesabu pamoja. Akazigusa moja moja kwa kidole, kwa usahihi kabisa, mpaka kumi na moja. Nikamwuliza, "Haya, ziko ngapi?" Akaanza upya: moja, mbili, tatu, nne...

Nilimwuliza mara tatu, na mara zote tatu alihesabu upya. Kwake neno "ngapi" lilikuwa ishara ya kuanza kuhesabu, kama firimbi inavyoanzisha mbio. Hakujua kwamba namba ya mwisho aliyoitamka ndiyo jibu; kwamba "kumi na moja" si jina la ile kokoto ya mwisho bali ni jina la fungu zima. Nilikuwa nimemfundisha wimbo mrefu, na sote, wazazi na mimi mwalimu, tuliuita wimbo ule hisabati.

Miaka mingi imepita tangu siku hiyo, na bado nafundisha watoto wa chekechea na wa madarasa mawili ya mwanzo. Baadaye nilikuja kusoma kwamba wanasaikolojia wawili wa Marekani, Rochel Gelman na Charles Gallistel, walikwisha kulichambua jambo hili mwaka 1978. Walionyesha kwamba kuhesabu, ambako sisi watu wazima tunakuona ni tendo moja, kuna kanuni tano ndani yake. Kila kitu kipewe namba moja, na moja tu. Mpangilio wa namba usibadilike. Namba ya mwisho itaje idadi ya vyote. Chochote kinaweza kuhesabiwa, hata milio na hatua. Na haidhuru uanzie kitu kipi. Mtoto wangu alikuwa na mbili za kwanza, tena kikamilifu. Ya tatu hakuwa nayo kabisa. Watafiti waliokuja nyuma yao wameona kwamba watoto huipata kwa ngazi: kwanza mtoto anaelewa "moja" kwa dhati, anakaa hapo miezi, kisha "mbili", anakaa tena, kisha "tatu", halafu siku moja kitu kinafunguka na namba zote anazozijua zinapata maana kwa pamoja. Kwa hiyo mtoto anayeimba mpaka ishirini anaweza kuwa anaelewa mbili tu.

Kitu cha kwanza nilichobadilisha kilikuwa kidogo. Nilipunguza kusema "hesabu" nikaanza kusema "niletee". Niletee vizibo vinne. Wape wanasesere hawa vikombe, kila mmoja kimoja, usibakize wala usipunguze. Piga hatua tano, simama. Kuhesabu vitu vilivyokwisha kupangwa mbele yako ni kazi moja, na kuleta idadi uliyoagizwa ni kazi nyingine, maana katika kuleta ni lazima ujue pa kukomea. Msichana wangu wa kokoto alijua kukomea kwenye mbili, kisha tatu, na hapo akakwama wiki nyingi. Nilitamani kumsukuma. Siku moja akaniletea saba, akazishika kifuani akisubiri nizikague, na tangu hapo akikosea ilikuwa kwa haraka tu, si kwa kutojua.

Nilianza pia kuwaonyesha kadi zenye nukta kwa muda wa kufumba na kufumbua jicho, kisha nazificha. Nukta mbili au tatu mtoto huzitambua bila kuzihesabu. Hata watu wazima, zikishapita nne hivi, macho peke yake hayatoshi. Zikizidi hapo inabidi uzigawe kichwani, na hapo ndipo penye utamu. "Umeona ngapi?" "Tano." "Umejuaje?" Mmoja anasema aliona mbili juu na tatu chini. Mwingine aliona nne kwenye pembe na moja katikati. Wa tatu, huyu simsahau, aliona "sita ambayo moja haikuja". Tumeshajumlisha na kutoa, na ubao bado ni mtupu.

Swali hilo la "umejuaje" ndilo ninalotaka kulisemea kuliko yote, kwa sababu ndilo nililolitumia vibaya kwa muda mrefu. Nilikuwa nauliza pale tu mtoto anapokosea. Watoto si wajinga, ndani ya wiki mbili walikuwa wameshajua kwamba mwalimu akisema "umejuaje?" maana yake ni "futa". Mtoto aliyesema nane, jibu sahihi, nikimwuliza kwa bahati tu alijuaje, alibadilisha haraka: "Tisa! Saba!" Macho yake yalikuwa usoni pangu, yakinitafuta mimi badala ya kuitafuta namba.

Ikabidi nianze upya. Niliuliza "umejuaje?" kwa sauti ileile, uso uleule, jibu likiwa sahihi au si sahihi. Ilichukua karibu muhula mzima kabla hawajaniamini. Na nilipokuwa nawauliza waliopatia, nikagundua mambo ambayo alama ya vema daftarini ilikuwa imeyafunika miaka yote. Mtoto mmoja alitazama kadi ya nukta akasema "sita", na zilikuwa sita kweli. "Umejuaje?" "Nina miaka sita." Mwingine alisema 9 ni kubwa kuliko 4 "kwa sababu ina kichwa". Hawa wote wawili wangepata vema.

Kuna jaribio la mwaka 1974 la watafiti James McGarrigle na Margaret Donaldson linalonisaidia kueleza kilichokuwa kinatokea. Lilitokana na jaribio mashuhuri zaidi la Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi: unapanga safu mbili za vitu zinazolingana idadi, unamwuliza mtoto kama ni sawa, anakubali, kisha wewe mwenyewe unatawanya safu moja iwe ndefu, unamwuliza tena. Watoto wengi wa chini ya miaka 6 au 7 husema ile ndefu ndiyo yenye vingi. McGarrigle na Donaldson wakamwachia mwanasesere wa dubu mtundu aje aivuruge safu, kana kwamba ni ajali. Waliojibu sawasawa wakaongezeka sana. Mtu mzima anapobadilisha kitu kwa makusudi kisha akarudia swali lilelile, mtoto hudhani anatakiwa abadilishe na jibu. Niliposoma hayo niliwakumbuka watoto wangu waliofuta majibu sahihi, na moyo uliniuma.

Huyo Piaget naye nina deni kwake, ingawa mengi aliyoyasema yamerekebishwa. Akiwa kijana, karibu mwaka 1920, alifanya kazi Paris ya kuwapima watoto kwa mitihani ya akili. Kazi yake ilikuwa kuhesabu majibu sahihi. Yeye akavutiwa na yasiyo sahihi, kwa kuwa aliona watoto wa umri mmoja hukosea kwa namna inayofanana. Kama kosa lina umbo, basi lina chanzo.

Nililijaribu jaribio lake la maji kwa mtoto wa dada yangu alipokuwa na miaka 5. Glasi mbili pana zinazofanana, maji sawa. Kisha naimimina moja kwenye glasi nyembamba ndefu. Akasema ndefu ina mengi. Nikamweleza. Nikayarudisha maji kwenye glasi pana, nikamwonyesha, nikamimina tena. Nilieleza kwa upole, halafu kwa msisitizo, kwa dakika labda ishirini, mpaka akasema, "Sawa, mjomba, ni sawasawa." Nikaridhika. Nikamwambia achague glasi anywe, akaikumbatia ile ndefu.

Nilichokuwa nimekipata ni adabu yake. Miezi mingi baadaye, akichezea maji kwenye beseni na vikopo vya kila umbo, bila mimi kusema lolote, alinitangazia kwamba kikopo kirefu "kinadanganya". Sijui ni kumimina kwa ngapi kulikomfikisha hapo. Maelezo yangu ya dakika ishirini hayakuwa na mchango mkubwa.

Sasa niseme kuhusu lugha, kwa kuwa sisi tunaofundisha kwa Kiswahili tunapewa zawadi na mtego kwa wakati mmoja, na sioni watu wakilizungumza vya kutosha. Zawadi ni "kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu". Jina lenyewe linamwambia mtoto kilichomo: kumi, na moja juu yake. Katika Kiingereza mtoto anakutana na majina ya 11 na 12 ambayo hayamwambii chochote kuhusu kumi. Wetu anaambiwa waziwazi. Kisha ghafla tunafika "ishirini", na mlango unafungwa. Hakuna "mbili" inayosikika ndani ya ishirini, wala "tatu" ndani ya thelathini, wala "nne" ndani ya arobaini, kwa kuwa majina hayo tuliyapokea kutoka Kiarabu. Mtoto anayaimba kama majina ya watu.

Mtego wa pili uko kwenye kuandika. Mtoto wa miaka 6 aliniandikia kumi na tano hivi: 105. Nilimwekea mkasi mwekundu wa kosa, akaandika tena 105. Siku hizo nilikuwa nimeanza kusikiliza, nikamwuliza alijuaje. Akanionyesha kwa kidole: "Hii ni kumi," akafunika 10, "na hii ni tano." Alikuwa ameandika kila alichokisikia, kwa mpangilio aliousikia, bila kuacha kitu. Kwa mantiki hiyohiyo wenzake huandika mia moja na mbili hivi: 1002. Mkasi wangu mwekundu haukuwa na la kumwambia mtu aliyefikiri vizuri hivyo.

Tulichofanya ni vijiti. Kila vijiti kumi vinafungwa kwa mpira, na fungu haliruhusiwi kufunguliwa ovyo. Kwa wiki kadhaa tulikuwa na majina mawili kwa kila namba: "ishirini na tatu", na jina lake la nyumbani, "makumi mawili na tatu". Watoto walipenda sana jina la nyumbani. Nikatengeneza na kadi ambazo chanzo chake ni Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua shule yake ya watoto wadogo Rome mwaka 1907: kadi ndefu ya 10, 20, 30, na kadi fupi za 1 mpaka 9. Unaweka kadi ya 5 juu ya kadi ya 10, inaifunika sifuri, na mtoto anaona 15. Anainyanyua, anaikuta sifuri ipo palepale chini. Yule mtoto wa 105 aliinyanyua na kuirudisha mara nyingi sana, kimya. Kisha akasema, "Kumbe kumi imejificha nyuma." Kosa lile halikurudi tena.

Watu wazima nao walichelewa kuizoea sifuri. Sifuri, neno ambalo asili yake ni "tupu" kwa Kiarabu, iliandikiwa kanuni zake za hesabu na mwanahisabati Brahmagupta wa Uhindi mwaka 628, na Ulaya iliendelea kutumia namba za Kirumi karne nyingi baada ya hapo. Nikiwakumbuka hao, uvumilivu wangu kwa mtoto wa miaka 6 huongezeka.

Alama ya "ni sawa na" ilinishangaza zaidi. Andika ubaoni 8 + 4 = __ + 5 mbele ya watoto wa darasa la pili au hata wakubwa zaidi, na wengi watajaza 12. Wangu walijaza 12, na waliobaki walijaza 17, wakijumlisha kila walichokiona. Niliwauliza ile mistari miwili inasema nini. Jibu: "Inasema andika jibu." Nikaandika 5 = 5, nikauliza kama ni kweli. Wakasema si kweli, "kwa sababu hakuna hesabu." Na nilipochungulia madaftari yao nikakuta sababu: mwaka mzima, kila nilichowaandikia kilikuwa na hesabu kushoto na pengo kulia. Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba alama hiyo ni amri. Robert Recorde, mwanahisabati aliyeianzisha mwaka 1557, alichagua mistari miwili sambamba kwa kuwa hakuona vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Tulitengeneza mizani kwa henga ya nguo na makopo mawili, tukawa tunapima vizibo: nane na nne upande huu, tano upande ule, bado inalala, ongeza, ongeza, hadi inyooke. Na mimi nikaanza kuandika 7 = 3 + 4, na 6 + 1 = 5 + 2, tangu wiki ya kwanza ya mwaka.

Upande wa sayansi nilikuwa na tatizo lilelile kwa sura nyingine: nilikuwa naanza na hitimisho. "Leo tutajifunza kwamba vitu vizito huzama." Kisha naonyesha jiwe likizama na jani likielea, wanaimba, tumemaliza. Mtoto mmoja aliuliza mbona gogo kubwa linaelea na kokoto ndogo inazama. Nilimwambia tutafika huko. Hatukufika, na nadhani hakuuliza tena muhula ule.

Sasa naanza na beseni la maji na lundo la vitu, na kabla ya kitu chochote kugusa maji kila mtoto anatabiri kwa kukiweka upande wa "kitaelea" au upande wa "kitazama". Kutabiri ndiko kunakomfunga mtoto kwenye jambo. Asiyetabiri hutazama tu, aliyetabiri anasubiri. Halafu "umejuaje?", kabla ya kutumbukiza. Cha mwisho ni udongo wa mfinyanzi. Tonge la udongo linazama. Nawapa udongo uleule, nawaambia waufanye uelee. Wanajaribu vidonge vidogo: vinazama. Wanajaribu chapati nyembamba: inazama. Mwisho mmoja anakunja kingo juu, unakuwa kama bakuli, na unaelea, na kelele zinazopigwa hapo huwaleta walimu wa madarasa ya jirani mlangoni. Sitaji kanuni ya Archimedes, ile inayoeleza kwa nini vitu huelea. Wameona kwamba uzito haukubadilika na jibu likabadilika, na hilo linatosha kwa miaka kadhaa.

Lugha inarudi hapa pia. Tunasema barafu imeyeyuka, na tunasema chumvi imeyeyuka kwenye maji. Neno moja. Mtoto wa miaka 7 akaunganisha: "Barafu ikiyeyuka inakuwa maji. Chumvi imeyeyuka. Kwa hiyo chumvi imekuwa maji." Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi kichwani; kila kiungo chake ni imara isipokuwa neno letu. Sikumsahihisha. Tuliyamimina maji yale kwenye sahani bapa, tukaiweka juani, na baada ya siku kadhaa maji yalikuwa yamekwenda na sahani ina ukoko mweupe wenye chembe zinazometa. Alilamba kidole. "Ilikuwepo!" alisema. Tangu siku hiyo darasa letu likawa na maneno mawili: barafu "inayeyuka", chumvi "inajificha". Najua la pili si istilahi ya kitabuni. Istilahi itakuja na itakuta kitu cha kukalia.

Jaribio la blanketi nalo lilinifundisha zaidi kwa sababu liliharibika. Unauliza: vipande viwili vya barafu, kimoja kimefungwa blanketi, kimoja wazi; kipi kitaisha kwanza? Karibu wote husema cha blanketi, kwa kuwa blanketi "lina joto". Kwa kweli blanketi halina joto lake; linazuia joto lisipite, liwe la mwili linalotoka au la chumba linaloingia, na barafu iliyofungwa hudumu zaidi. Siku ile nilikuwa na haraka, nikachukua vipande bila kuviangalia. Cha blanketi kilikuwa kidogo zaidi, kikaisha kwanza. Nusu ya darasa wakashangilia, nami nikaanza kujieleza. Mtoto mmoja wa nyuma, ambaye husema mara chache, akasema, "Si haki. Kile kilikuwa kidogo."

Nilikuwa nimetafuta miaka mingi njia ya kuwafundisha watoto wadogo kwamba ukilinganisha vitu viwili ni lazima mengine yote yalingane. Neno lenyewe walikuwa nalo, wanalitumia kila siku wakikimbizana uwanjani. Tulirudia, na safari hii wao ndio waliosimamia: vipande sawa, sahani sawa, mahali pamoja. Siku hizi kabla ya jaribio lolote huuliza wenyewe, "Ni haki?"

Kukaa kimya baada ya swali ndilo lililonigharimu zaidi. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alirekodi masomo ya sayansi miaka ya 1960 na 1970 akagundua kwamba walimu husubiri sekunde moja hivi tu baada ya kuuliza, kisha wanaita mwingine au wanajibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi majibu yalirefuka, na watoto waliokuwa hawasemi wakaanza kusema. Sekunde tatu zinasikika chache. Zihesabu ukiwa umesimama mbele ya watoto arobaini. Nilizoea kushika kingo ya meza na kuhesabu moyoni, na yule mtoto wa "si haki" ni mmoja wa niliowapata kwa njia hiyo.

Wapo wanaodhani nasema watoto waachwe wacheze na watagundua yote. Sisemi hivyo, na nimeona madhara yake. Mtoto aliyeachiwa sumaku saa nzima bila swali la mtu mzima anazigonga, anazirusha, anachoka. Na yapo mambo ambayo hayagunduliki kamwe: jinsi ya kuandika 5, kwa nini sentimita ina urefu huu, jina la mwezi. Hayo mwambie tu, wazi, na mfanye mazoezi. Mazoezi pia nayapenda. Mtoto wa miaka 7 anapaswa kujua bila kufikiri kwamba 6 na 4 ni kumi, maana akili yake inayohangaika na vidole haina nafasi ya jambo kubwa zaidi. Ila dakika tano kila siku, kwa kadi au kete, zinashinda saa nzima ya Ijumaa. Nilichokiacha kabisa ni kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake na saa mkononi. Niliona wale waliokuwa wepesi wakizidi kuwa wepesi, na wengine wakijifunza kwamba hisabati ni mahali pa kuaibikia.

Kwa wazazi nina mawili tu. Watafiti Geetha Ramani na Robert Siegler walichapisha mwaka 2008 jinsi watoto wa chekechea kutoka familia zenye kipato kidogo walivyocheza mchezo wa ubao wenye visanduku vilivyopangwa kwa mstari na kuandikwa 1 mpaka 10. Walicheza vipindi vinne vifupi, kama saa moja kwa jumla, na uelewa wao wa namba ukapanda. Waliocheza ubao wa rangi bila namba hawakupanda hivyo. Ubao huo ni kipande cha boksi na kalamu. Mzazi na asitamke mbele ya mtoto kwamba hesabu zilimshinda yeye. Mtoto husikia kama urithi.

Mwaka jana nilikuwa nawaambia watoto wa darasa la pili kwamba kivuli huwa kifupi kuliko wakati wowote inapotimia saa sita mchana kamili. Mtoto akanyoosha mkono. "Mwalimu, umejuaje?"

Nilikuwa nimesoma. Sikuwahi kupima. Nikamjibu hivyohivyo, na tukatoka nje. Tulisimika kijiti wima uwanjani, na kuanzia saa tano na nusu kila baada ya robo saa mmoja wao aliweka kokoto kwenye ncha ya kivuli, mwingine akapima kwa uzi. Saa sita kamili wote walikuwa wameinama pale. Saa sita na robo kivuli kilikuwa kimepungua zaidi. Saa sita na nusu kikaanza kurefuka.

Niliwaambia ninachojua: kwamba saa ya ukutani huwekwa moja kwa eneo kubwa sana, na jua hufika juu ya kila mahali kwa wakati wake. Wachache waliridhika. Waliobaki walisema huenda jua lilichelewa siku hiyo tu, na wakataka kokoto zisiguswe ili kesho walinganishe. Kesho yake, saa tano na nusu, tulirudia.